Mwacheni Aseme Kwanza

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja jioni, kijana mmoja alipigwa mbele ya kioski ninakonunua mboga hapa Umoja. Mtu alipaza sauti "mwizi!", na neno hilo likishatamkwa Nairobi hakuna anayeuliza kimeibwa nini, au cha nani. Mateke, fimbo, jiwe la kwanza. Kandambili yake moja ilibaki katikati ya barabara, ya bluu, kamba imekatika.

Wale wanaume nimewaona maisha yangu yote. Walioninyima usingizi ni watoto. Walikuwa sita au saba, wamepanda ukuta wa ploti ili waone vizuri. Mmoja wao, mvulana wa miaka tisa ninayemjua tangu akibebwa mgongoni, alikuwa ameinua simu ya mamake anarekodi, huku akiitikia pamoja na wakubwa: "Achomwe! Achomwe!"

Nilisema, "Mwacheni aseme kwanza." Sauti ilitoka ndogo. Mwanamume mmoja akanigeukia akaniuliza kama huyo ni ndugu yangu. Aliyemwokoa ni mtu wa bodaboda, aliyemvuta mpaka ndani ya kioski, na mama mboga akatia komeo.

Usiku huo nilijiuliza maneno yale niliyatoa wapi, maana yalinitoka kabla sijafikiri. Kanisani nilifundishwa kusamehe. Shuleni nilifundishwa kunyamaza. Nimetafuta sana, na jibu ninalorudi kwalo ni moja: niliyatoa kwenye Vioja Mahakamani, kile kipindi cha TV cha vichekesho vya kesi.

Waliokulia Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, wanajua tulivyotazama. Kwetu Jericho, upande wetu wa nyumba, TV ilikuwa moja, Greatwall isiyo na rangi, ya mzee mmoja aliyefanya kazi reli. Jioni tulivua viatu mlangoni, tukaketi kwenye sakafu ya simiti, magoti yakigusana, wadogo mbele. Kabla ya KTN kuingia hewani mwaka 1990 hakukuwa na stesheni nyingine ya kuhamia, kwa hivyo kesi ikianza tuliifuata mpaka hukumu. Ondiek au Makokha anaingia kizimbani, mashtaka yanasomwa, anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Shahidi anaongea. Kiongozi wa mashtaka anambana. Kisha, kila mara, mshtakiwa anapewa nafasi. Hata akidanganya mpaka kuku acheke, hakimu anamwacha amalize.

Fikiria mtoto wa miaka minane anaona hivyo wiki baada ya wiki. Hakuna aliyemweleza maana ya haki. Ameona tu kwamba mtu anayeonekana na hatia hapo mwanzo ana mdomo, ana njaa, ana mke nyumbani, na wakati mwingine ana sababu ambayo ukiisikia unajikuta unamhurumia ingawa bado unajua alikosa. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 50 kwamba mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mimi sikuhitaji kufundishwa kifungu hicho ukubwani. Nilikuwa nimekiketia sakafuni.

Yule mzee wa reli alikuwa na mtindo wake. Hukumu ikikaribia, alinyoosha mkono akapunguza sauti, akatuuliza, "Haya, nyinyi mngemfanya nini?" Tulipiga kelele: jela! viboko! Naye anamwelekeza mmoja wetu kidole, "Wewe. Ungekuwa ni wewe pale?" Siku moja aliniuliza mimi. Nakumbuka uso wangu ukiwaka, kwa sababu wiki hiyo nilikuwa nimekula shilingi tano ya mkate na kumwambia mama ilianguka. Nilijibu kwamba ningeomba nisikizwe. Hakusema kitu, alirudisha sauti. Tangu siku hiyo sijawahi kumtazama mshtakiwa yeyote bila kukumbuka ile shilingi tano.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vipindi vile vilikuwa vichekesho tu vya kupitisha jioni. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, mwanasaikolojia Albert Bandura aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mdoli wa kujazwa hewa kwa nyundo, kwa teke, kwa maneno makali. Walipoachwa na mdoli, watoto walirudia mapigo yale yale na hata maneno yale yale. Baadaye akafanya vivyo hivyo kwa filamu, na filamu nayo ikafundisha. Waliomwona mpigaji akiadhibiwa hawakuiga sana kama wengine. Sasa rudi kwenye ukuta wa ploti yetu. Waliorusha mawe walinawa mikono wakaenda kula chapati. Mtoto ameona hayo yote, na ameyarekodi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Vioja pia ilitufundisha kucheka lafudhi za watu. Tulikwenda shuleni Jumatatu tukimwigiza Mluhya na Mjaluo, na wenzetu waliokuwa na lafudhi hizo nyumbani waliumia kimya. Hilo nimelielewa nikiwa mtu mzima, na linaniuma. Na Vitimbi, kipindi kingine cha vichekesho, kwa jinsi ninavyompenda mwigizaji wake marehemu Mzee Ojwang', ilituzoesha kuona vita vya mume na mke kuwa utani.

Sisemi pia kwamba watoto wa sasa hawana vipindi vizuri. Mpwa wangu alijua kuhesabu kwa sababu ya katuni ya Akili and Me kutoka Tanzania, na nawashukuru. Afrika Kusini, mwaka 2002, walimleta Kami katika kipindi cha watoto cha Takalani Sesame, kikaragosi msichana anayeishi na virusi vya Ukimwi, wakati ambapo watu wazima waliogopa hata kumshika mkono mgonjwa. Huo ni ujasiri ninaoutamani hapa kwetu.

Lakini mvulana wangu wa ukutani hatazami hayo. Anatazama vipande vya sekunde kumi na tano: mtu anateleza, mzee anamwagiwa maji, ombaomba anapewa sahani tupu, kicheko, kinachofuata. Aliyemwagiwa maji hatumwoni akijifuta. Hapewi kizimba wala zamu ya kuongea. Na hakuna mtu mzima anayepunguza sauti na kumwuliza, ungekuwa ni wewe pale? Mamake anarudi kutoka kazini saa tatu usiku akiwa amekanyagana kwenye matatu mbili, na simu ndiyo iliyomlea mtoto tangu saa tisa. Simlaumu huyo mama hata kidogo. Sisi majirani tuko wapi? Sisi tulilelewa na TV ya mtu mwingine, sakafuni kwa mtu mwingine, na aliyeniuliza swali lile hakuwa baba yangu.

Kwa hivyo Jumapili baada ya chakula nilimwita yule mvulana kwangu. Akaja na simu, akivuta miguu, akijua. Sikumgombeza. Nilimkalisha kwenye zulia na mimi nikaketi hapo hapo, nikamwomba anionyeshe alichorekodi. Dakika moja na ushee. Ilipoisha nikamwuliza, "Huyo kijana alikuwa anasema nini?"

"Sijui, Anti."

"Hebu tusikize tena."

Tukacheza tena. Safari hii alisogeza simu sikioni. Kuna sauti za wanaume, kuna honi ya matatu, kuna sauti yake mwenyewe iliyo karibu na maikrofoni kuliko zote. Mdomo wa yule kijana unafunguka na kufunga, mara mbili, mara tatu. Mvulana akairudisha nyuma bila mimi kumwambia, akapunguza mwanga, akaongeza sauti mpaka mwisho. Tulisikiliza mara nne. Hatukupata hata neno moja.