Lindo la kijiji limlinde na mgeni

Septemba 2025, baada ya ghasia zilizoitikisa miji ya Indonesia mwishoni mwa Agosti, Waziri wa Mambo ya Ndani, Tito Karnavian, aliwataka wakuu wa mikoa na wilaya wafufue siskamling, yaani ulinzi wa mitaa na vijiji unaofanywa na wananchi wenyewe. Huku ninakoishi, Gunungkidul, kusini-mashariki mwa jiji la Yogyakarta, hakukuwa na cha kufufua. Lindo lipo kila usiku. Mimi ni mkwe wa kijiji hiki; mke wangu ndiye mzaliwa, na jina langu limo kwenye orodha ya zamu sawa na la mwanamume mwingine yeyote. Mwito wa waziri nauunga mkono kwa moyo mmoja. Lakini kuna jambo ambalo lindo hili linalihitaji na halizungumzwi, nami nimeona niliandike.

Mtanzania akifika hapa hapati shida kuelewa mambo yanavyokwenda. Ngazi ya chini kabisa ya kuwaunganisha majirani inaitwa RT, nayo ni kaya kadhaa chini ya kiongozi anayepewa posho ndogo tu, ambaye kila mtu humwita Pak RT. Mpangilio huu uliletwa na Wajapani mwaka 1944 walipokuwa wamekikalia kisiwa hiki cha Java kwa mabavu, ili wawabane watu na kugawa chakula cha vita. Wajapani wakaondoka, wenyeji wakaubakiza na kuufanya wao. Ukimweka Pak RT karibu na balozi wetu wa nyumba kumi utaona kazi ni zilezile: kusuluhisha ugomvi wa mipaka, kuandika barua ya utambulisho, kujua nani amelala kwa nani. Akina mama nao wana vikundi vya nyumba kumi kumi, dasawisma, na hao ndio wanaojua nani ni mjamzito na mtoto gani hajapelekwa kupimwa uzito. Na kwenye vijiji vingi vya Java utakuta kibao kwenye njia ya kuingilia: mgeni aripoti ndani ya saa 24.

Zamu yetu huanza saa nne usiku. Kuna kibanda kilicho wazi upande mmoja, mkeka, birika la chai yenye sukari nyingi, na ngoma ya gogo la mti lililochimbwa tundu refu, kentongan, imening'inia kwenye boriti. Kwa muda mrefu ni mazungumzo tu, bei ya muhogo na mpira. Kisha, usiku ukishakuwa mkubwa, tunaanza kuzunguka kukusanya jimpitan. Kila nyumba ina kikopo kidogo kimetundikwa karibu na mlango, mara nyingi chupa ya plastiki iliyokatwa. Zamani kiliwekwa mchele, kiasi cha vidole vitatu. Siku hizi kwetu ni sarafu ya rupia 500. Mmoja anamulika kwa tochi, mwingine anamimina, wa tatu anaandika kwenye daftari. Fedha hiyo ni ndogo, hununua taa za njiani na sahani za shughuli, na mtu akilazwa hospitalini hupelekewa chochote.

Ila fedha si hoja. Jimpitan inamlazimisha mlinzi afike kwenye kila mlango, kila usiku, bila kuruka hata mmoja. Anaona baiskeli iliyosahauliwa nje, anasikia mtoto anayekohoa, ananusa gesi inayovuja. Na kikopo kikiwa kitupu usiku wa pili mfululizo kwa bibi anayeishi peke yake, asubuhi lazima mtu akagonge mlango. Sijawahi kuona kamera ya ulinzi inayofanya kazi hiyo.

Kuna mengi ya kulindwa. Pikipiki ndiyo inayowatamanisha wezi zaidi, na hata mitungi midogo ya gesi ya kilo 3, ile ya kijani, huibwa jikoni. Lakini kinachouma kuliko vyote ni ng'ombe. Gunungkidul ni nchi ya mawe ya chokaa, kiangazi maji ni ya kununua, na familia nyingi akiba yao haipo benki, ipo zizini nyuma ya nyumba. Ng'ombe mmoja ndiye ada ya shule au harusi ya binti. Ndiyo maana kwenye mpangilio wa milio ya ngoma unaofuatwa na vijiji vingi vya Java, wizi wa mifugo una mlio wake. Mapigo mawili mawili ni mwizi, matatu matatu ni moto, manne manne ni maafa kama mafuriko, matano matano ni mnyama ameibwa. Mtu anaamka usingizini na kabla hajafungua mlango ameshajua achukue ndoo au tochi.

Kuna mali nyingine ambayo ngoma haiwezi kuilinda, nayo ni ardhi. Hapa wakulima zaidi ya nusu wana chini ya nusu hekta, kwa hiyo mita mbili za mpaka ni jambo la kuvunja undugu. Kwa miaka mingi mpaka ulikuwa mtiki, tuta, na kumbukumbu za wazee. Karatasi iliyokuwepo ni girik, stakabadhi ya kodi, inayolingana na kitabu cha kijiji kiitwacho Letter C. Nimewahi kukiona kitabu hicho kwenye ofisi ya kijiji: kurasa zimegeuka rangi ya chai, majina ya marehemu yamekatwa kwa mstari na ya watoto wao kuandikwa pembeni kwa kalamu tofauti, bila ramani yoyote. Kila mtu alikiamini kwa sababu wote walijuana. Mzee aliyejua mti upi ni wa nani akifariki, kitabu kile hakiwezi kukuambia chochote.

Kwa hiyo nimefurahi kuona vijiji vikipimwa. Tangu 2017, wakati wa Rais Joko Widodo, kuna mpango wa kusajili ardhi ya kijiji kizima kwa mkupuo, PTSL. Upimaji unalipiwa na serikali. Mwananchi wa Java na Bali anachangia hadi rupia 150,000 kwa ajili ya vigingi, stempu na makaratasi. Kanuni ya mwaka 2021 iliwapa wenye hati za zamani kama girik miaka mitano wawe wamesajili, muda ulioisha Februari 2026. Baada ya hapo karatasi hizo si ushahidi tena wa umiliki, ni dokezo tu. Yeyote mwenye mzazi kijijini ambaye bado ana girik kwenye sanduku la nguo namsihi amsaidie haraka, wakati wazee wanaoujua mpaka wangali hai na wanaweza kusimama shambani mbele ya mpimaji.

Mimi mwenyewe kwenye ardhi ni mgeni kabisa kisheria. Sheria ya ardhi ya 1960 inasema umiliki kamili, hak milik, ni wa raia wa Indonesia peke yao. Hata mke wangu angeingia mashakani kwa kuolewa nami bila mkataba wa kutenganisha mali, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoamua, Oktoba 2016, kwamba wanandoa wanaweza kuuandika hata baada ya ndoa. Na hapa Yogyakarta bado kuna agizo la mkoa la 1975 linalowanyima hak milik hata raia wa Indonesia wenye asili ya Kichina, jambo ninaloliona ni dhuluma ya wazi. Sheria inanichukulia kama mtu wa nje. Kijiji kilinipa jembe siku ya tatu. Tofauti ni kwamba niliingia nimeshikwa mkono: baba mkwe alinipeleka kwa Pak RT, Pak RT akanitambulisha kwenye mkutano, na tangu hapo nikipita usiku wa manane hakuna anayenimulika usoni.

Asiyeshikwa mkono je?

Tarehe 6 Juni 2024, mwenye biashara ya kukodisha magari kutoka Jakarta alifika na wenzake watatu katika kijiji kimoja cha Sukolilo, wilaya ya Pati, Java ya Kati. Gari lake lilikodiwa, halikurudishwa, na kifaa cha kufuatilia kilionyesha lipo pale. Wakalikuta, wakalifungua kwa ufunguo wa akiba. Mtu akapiga kelele ya mwizi. Umati ukaja. Yule mwenye gari alipigwa hadi kufa, wenzake wakaumizwa vibaya, na gari moja likachomwa moto. Polisi waliwakamata watu kadhaa na kuwafikisha mahakamani. Mtu aliuawa kwa kuchukua mali yake mwenyewe.

Baada ya habari ile kwa siku kadhaa lindo letu lilikuwa kimya. Nami nilijua kwa nini: kila mmoja pale kibandani aliona jinsi ambavyo ingeweza kutokea kwetu. Wale waliopiga walikuwa wanakijiji wa kawaida, walioitikia kelele ya jirani kama walivyofundishwa tangu utotoni. Mtu ambaye hakuna aliyemjua alikosa wa kumsemea, basi. Mwaka 1998 kule Banyuwangi, Java ya Mashariki, hata waliojulikana hawakupona: watu zaidi ya mia moja waliuawa kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wakazi wa vijiji hivyohivyo. Msomaji wa Usukumani hahitaji kuelezwa. Sungusungu, walinzi wa jadi wa huko, waliokoa ng'ombe wengi, na ukanda huohuo umezika vikongwe wengi waliosingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu.

Nasikia wanaosema suluhisho ni kuliondoa lindo na kuwaachia polisi. Siafiki hata kidogo. Kituo cha polisi kiko mbali, na hakuna askari atakayejua kikopo cha bibi ni kitupu. Ninachosema ni kwamba mgeni anaweza kuandaliwa nafasi kabla hajafika, na Java imeshaonyesha namna. Mlima Merapi ulipolipuka 2010, ukaua zaidi ya watu 350, waliokimbia walitawanyika ovyo, na wengine walirudi kwenye hatari kukata majani ya ng'ombe. Baadaye wilaya ya Magelang ikaunganisha vijiji vya mteremkoni na vijiji vya mbali kama ndugu: kijiji fulani kinajua, mlima ukinguruma, kitapokea watu wa kijiji fulani, kwa majina. Watu wasiojuana walijulishwa mapema, kwa makubaliano, bila kungoja siku ya moto.

Kitu hichohicho kinawezekana kibandani. Kila kijiji cha Indonesia kimekusudiwa kuwa na askari polisi anayekihudumia, Bhabinkamtibmas. Namba yake ya simu ibandikwe pembeni mwa orodha ya zamu, kwa herufi zinazosomeka gizani. Na atajwe, katika kila zamu, mtu ambaye kazi yake ngoma ikilia si kumkimbilia mshukiwa ili ampige, bali kumweka ndani ya kibanda, kusimama mlangoni, na kumwita Pak RT na polisi.

Nililipeleka wazo hili kwenye mkutano wetu wa mwezi. Mzee mmoja akaniuliza, kwa upole, akiniita Mas, yaani kaka, "Mas, watu wakishapandwa na hasira, nani atakumbuka kanuni?" Nikamjibu kwamba ndiyo sababu nataka jina la mtu mmoja liandikwe, si kanuni, jina halisahauliki, na mtu aliyetajwa mbele ya majirani zake huona haya kujificha nyuma ya umati. Walijadiliana sana. Mwishoni Pak RT akachukua kalamu na kuongeza safu kwenye orodha. Sasa kila usiku kuna jina la mlinzi wa mshukiwa, karibu na jina la mwenye tochi na la mwenye daftari la jimpitan.

Kazi iliyobaki ni RT za jirani. Ngoma yetu inasikika hadi ng'ambo ya bonde, na wakija kutusaidia hawatakuwa wameisoma orodha yetu. Pak RT amekubali tukaonane na wenzake mmoja mmoja, na nimemwomba tuanze na wale walio karibu na barabara kuu, kwa sababu huko ndiko magari ya watu tusiowajua yanakosimama.