Kidude cha Muziki Tu, Jamani!

Hivi mtu mzima akisema anataka kidude cha kusikilizia muziki, si simu, kwa nini watu wanamkodolea macho kama ameulizia punda wa kwenda Posta?

Simu ninayo. Lakini simu hiyo ndiyo ya kutuma hela, ndiyo ya kikoba, ndiyo ya bosi, ndiyo ya shemeji anayeibuka kila tarehe 25 kuulizia afya yangu. Nikiiwasha muziki kuanzia Gongo la Mboto, nikifika mjini chaji imekata na bosi anasema nimemzimia kusudi. Halafu uitoe simu ukiwa umekaa dirishani, daladala imenasa kwenye foleni Buguruni! Hiyo siyo kusikiliza muziki, hiyo ni kugawa simu.

Mpwa wangu, yuko chuo, akanishauri: "Mjomba, tafuta iPod." Haya, nikafuatilia hiyo iPod, kidude cha muziki cha kampuni ya Apple. Kumbe ilitoka mwaka 2001, ina GB 5, inabeba nyimbo 1,000, bei dola 399. Dola 399! Mwaka huo mimi nilikuwa na redio kaseti, tepu ikijinyonga naizungusha kwa biki, maisha yanaendelea. Mwaka 2005 wakaleta ile ya shuffle, dola 99, haina hata kioo. Wimbo unaofuata huujui mpaka uanze. Hilo mbona dereva wa daladala ananipa kila asubuhi, tena kwenye nauli ileile?

Na Apple wenyewe wameshaacha kuzitengeneza tangu 2022. Kwa hiyo utakayoipata ni ya mtumba, betri imeshazeeka, na kuibadilisha mpaka fundi aibandue kwa kisu. Pa kuchomeka memori kadi hakuna. Nyimbo unaingiza kwa kompyuta yenye iTunes, na ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine inakuuliza kama ifute zote zilizomo. Sasa mimi nyimbo najaziwa na kijana wa kibandani pale stendi. Nimwambie afunge kibanda ahamie kwangu?

Nikaenda Kariakoo. Sijamaliza hata kusema, kijana ameshanishika mkono: "iPodi hii hapa, mzee wangu!" Kidubwasha cha bati, rangi ya waridi, kina kibanio cha kubana kwenye shati. Kaanza na elfu 25. Nilipogeuka kuondoka ikawa elfu 12, nilipovuka barabara akanipigia mluzi: elfu 8 na hedifoni juu. Na nisiseme uongo, kidude hicho cha waridi kina tundu la memori kadi ambalo iPod ya dola 399 haikuwa nalo. Shida ni kwamba ukikizima, kesho kinaanza tena wimbo wa kwanza. Kila siku wimbo wa kwanza. Abiria mwenzangu ameshaukariri.

Vizuri vya bei nafuu vilikuwepo. SanDisk walikuwa na Sansa Clip, kadogo, kana kioo, kana redio ya FM, na Clip+ iliyofuata ikaongezewa tundu la kadi. Hizo nazo muulize muuzaji wa Kariakoo uone atakavyokuletea ya waridi.

Halafu memori kadi zenyewe! Imeandikwa GB 64, bei ya chipsi mayai. Wimbo wa dakika 4 wa MP3 ya kawaida unakula kama MB 4, kwa hiyo hata GB 4 ni nyimbo karibu 1,000. Mimi nyimbo zangu hazifiki hapo, nusu yake taarabu za mama watoto. Lakini nikaona sawa, kubwa ni kubwa. Kumbe ndani ni ndogo, imefundishwa kudanganya: ikijaa, inaandika nyimbo mpya juu ya za zamani. Jina la wimbo unaliona, ukiugusa, kimya. Kadi za namna hii unazijaza mpaka pomoni, halafu unasikiliza za mwanzo na za mwisho ukiwa bado dukani. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Mwisho nikanunua kiswaswadu. Simu ya vitufe, memori kadi inapokea, redio ipo ukichomeka hedifoni maana waya ndio antena, chaji unasahau lini mara ya mwisho umeichomeka, na tochi ya kukwepea madimbwi ya Gongo la Mboto. Mwizi wa dirishani akiiona anakupa pole.

Nimefika nayo nyumbani, nimetulia kwenye kochi, mama watoto kasimama mlangoni.

"Baba Asha, simu ya pili ya nini?"

"Si simu hii, ni ya muziki. Haina hata laini."

Akaichukua, akabandua mfuniko wa nyuma, akaniangalia.

"Haina laini, mbona ina sehemu tatu za kuweka laini?"