Casement na jina lililofutwa

Roger Casement akitajwa, hadithi huwa ni ile ile: Mwayalandi mwema aliyekwenda kuwatetea Wakongo. Mimi nadhani tumeishika kichwa chini. Wakongo ndio waliomfumbua macho.

Alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, akakulia kwenye utumishi wa Waingereza hadi kuwa konseli wao. Mwaka 1903 alipanda Mto Kongo kwa boti ya mvuke kuchunguza utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo. Bolobo, makazi ya kando ya mto, iliyosemekana kuwa na watu 40,000 zamani, sasa ilikadiriwa kubaki na 7,000 au 8,000. Akaketi, akasikiliza. Watu walimsimulia walivyodaiwa vikapu vya utomvu wa mpira na walivyofanywa vikipungua. Kijana mmoja alimwonyesha mkono uliobaki kigutu. Serikali ya Leopold baadaye ikadai eti aliumwa na nguruwe mwitu!

Ripoti ilipotoka mwaka 1904, wakubwa wa London walikuwa wameondoa majina ya mashahidi na kuweka herufi tupu. Casement alikasirika sana, na hapo mimi niko upande wake. Mtu amekatwa mkono, halafu unamkata na jina?

Mwaka 1907 alimwandikia rafiki yake, mwanahistoria Alice Stopford Green, kwamba katika misitu ile alikomkuta Leopold ndiko alikojikuta yeye mwenyewe, Mwayalandi, mtu wa taifa lililowahi kuwindwa. Kwangu barua hiyo inaeleza 1916 kuliko hotuba yoyote.

Maana mwaka huo, Ijumaa Kuu, aliteremka kwenye nyambizi ya Wajerumani, akafika pwani ya Banna, Kerry, Ayalandi. Alikamatwa siku hiyo hiyo, na meli iliyowaletea waasi wa Ayalandi bunduki 20,000 dhidi ya Waingereza ikazamishwa. Alihukumiwa kifo kwa uhaini. Watu walipomwombea msamaha, serikali ya Uingereza ilipitisha chini kwa chini shajara zenye habari za mapenzi yake na wanaume, ili waombezi wanyamaze. Mwandishi Joseph Conrad, waliyefahamiana Kongo tangu 1890, hakutia saini ombi hilo la msamaha. Agosti 3 akanyongwa.

Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1965. Aliomba azikwe Murlough Bay, lakini huko ni Ayalandi ya Kaskazini na Waingereza walikataa, kwa hiyo amelala kwenye makaburi ya Glasnevin, Dublin. Rais wa Ayalandi wakati huo, de Valera, mgonjwa wa miaka 82, alikwenda kaburini katika baridi kali. Jina la marehemu limechongwa kwa Kiayalandi: Ruairí Mac Easmainn.

Yule kijana wa kigutu aliitwa Epondo.