Kitabu changu kimekuwa cha watu wote na roho inaniuma

Nlikipata Memorial hapa Moshi, kwenye rundo la mtumba la jamaa mmoja aliyechanganya vitabu na mikanda na viatu vya mguu mmoja mmoja, jalada limechanika, ndani kina muhuri wa maktaba ya Uingereza huko. The Hunger Games ya Suzanne Collins, cha mwaka 2008. Nikakimaliza siku mbili, umeme ulikatika nikamalizia na tochi ya simu. Kwa ambaye hajakutana nacho: kuna nchi inaitwa Panem, wilaya 12 zinalisha mji mkuu unaoitwa Capitol, na kila mwaka kila wilaya inatoa mtoto wa kiume na wa kike, miaka 12 mpaka 18, wanaingizwa uwanjani wauane kwenye TV mpaka abaki mmoja.

Kilichonishika sio hata kuuana, ni kile kitu wanaita tessera. Yani mkiwa na njaa nyumbani mtoto anaruhusiwa kuchukua nafaka na mafuta kidogo ya mtu mmoja ya mwaka, ila jina lake linaongezwa mara moja zaidi kwenye ile bahati nasibu ya kuchagua wa kwenda uwanjani, na hayafutwi, yanajumlishwa mwaka hadi mwaka. Katniss, binti ambaye ndo mhusika mkuu, ana miaka 16 jina lake limo mara 20, rafiki yake Gale mara 42. Nlimhadithia bibi huku anachambua maharage, akanyamaza kidogo afu akasema, "Kwa hiyo wa kwao kuna chakula wala hawaogopi sana." Aisee, yeye shule aliiona kwa mbali tu, lakini alikishika kitabu kuliko wengi.

Sasa movie ikafika banda la video mtaani, na yule jamaa anayetafsiri akiongea juu ya sauti. Watoto wanakimbilia silaha, vijana wanashangilia, mmoja anapiga kelele "Naweka buku kwa yule wa mkuki!" Nikajikunja kwenye benchi, maana kwenye kitabu wanaofanya hivo ni watu wa Capitol, wanacheza kamari na roho za watoto. Na kuna kitu kimekatwa. Rue, mtoto wa miaka 12 wa wilaya ya 11, akishakufa kitabuni, watu wa kwao ambao wenyewe wana njaa wanachanga wanamtumia Katniss mkate kumshukuru kwa alivyokuwa upande wa mtoto wao. Kwenye movie mkate haupo, badala yake wilaya inafanya fujo. Fujo inapendeza kutazama, sibishi, lakini mkate ndo kitabu chenyewe, hata hiyo Panem ni mkate kwa Kilatini.

Marekani ndo usiseme, 2013 CoverGirl walitoa vipodozi vya Capitol, yani unanunua upendeze kama wale wanaokula mpaka wanajitapisha ili waendelee kula. Hapo sina la kuwatetea.

Ila banda nalitetea, tena nlichelewa kulitetea. Rue alipochomwa lile banda lilikufa ganzi, na yule yule wa buku akasema taratibu "Ah bana, katoto haka." Hajasoma tessera, hajui mkate, na kimemchoma. Afu mambo ya Thailand, baada ya jeshi kupindua serikali 2014 watu walinyoosha vidole vitatu kupinga, ile saluti ya Katniss, na Myanmar 2021 vilevile, na askari akikukamata hakuulizi kama umesoma kitabu au umeona movie tu. Kingebaki na sisi wachache wa rundo la mtumba nani angevijua vidole hivyo?

Kwa hiyo nikijipima vizuri, nusu ya huu uchungu ni wivu tu, kama wale wa Chuga wanaokwambia walimsikia msanii fulani kabla hajashuka Dar. Nusu nyingine bado naisimamia.

Na sasa inakuja movie ya kitabu kingine cha huyo huyo Collins, cha 2025, imetangazwa kutoka Novemba 2026, ya Haymitch, yule mzee anayemfundisha Katniss, alivyoshinda enzi zake. Juzi dogo wa buku kanisimamisha, "Broo, humo nani anashinda?" Nikamwambia asome kuanzia cha kwanza. Akasema basi niazime. Nikamjibu mpwa wangu kaondoka nacho, na hapa naandika kiko mezani, nimekiegemezea simu.