Daktari mpya anahitaji shahidi

Wapenzi wa Doctor Who wamegawanyika tangu tarehe 31 Mei 2025, siku mwigizaji wake mkuu, Ncuti Gatwa, alipoaga. Alisimama peke yake ndani ya TARDIS, chombo cha kusafiria nyakati, mlango ukiwa wazi, mwanga ukamfunika, na ulipotulia sura iliyotutazama ilikuwa ya Billie Piper. Kwa asiyeifuata tamthilia hii ya BBC: mhusika mkuu, Daktari, ni msafiri wa nyakati kutoka sayari nyingine. Akikaribia kufa mwili wake hubadilika wote, sura, sauti hata tabia, na mwigizaji mwingine hushika nafasi. Tumezoea kusema steringi hafi. Huyu hufa, ila harudi alivyokuwa.

Piper si mgeni. Mwaka 2005 na 2006 aliigiza Rose Tyler, msichana muuza duka wa London aliyesafiri na Daktari na kumpenda. Majina ya mwisho wa kipindi yalimtambulisha yeye, bila kusema kwamba ndiye Daktari. Hapo ndipo ubishi ulipowaka.

Wanaoipenda hatua hiyo wana hoja nzito. Tamthilia hii ilianza tarehe 23 Novemba 1963, na waliokua nayo ndio wanaoibeba mgongoni. Sura waliyoipenda huwarudisha mbele ya runinga. David Tennant, Daktari wa zamani, aliporudi mwaka 2023 kwa maadhimisho ya miaka 60, furaha ya watu ilikuwa ya kweli kabisa. Isitoshe, sura iliyokwisha kuonekana si jambo jipya. Colin Baker alikuwa kamanda wa walinzi katika kisa cha 1983 kabla ya kuwa Daktari mwaka uliofuata, na Peter Capaldi, naye Daktari baadaye, alikuwa baba wa familia ya Pompeii mwaka 2008.

Wapinzani wanajibu kwamba wale wawili walikuwa wapita njia, wakati Rose ni roho ya zama nzima. Nawaelewa, hasa nikimfikiria Gatwa mwenyewe. Alizaliwa Kigali mwaka 1992, familia yake ikakimbilia Scotland wakati wa mauaji ya kimbari, na akawa mtu mweusi wa kwanza kukabidhiwa tamthilia hii kama nyota wake. Mwanzo wake, Desemba 2023, alichomoka ubavuni mwa Tennant, naye Tennant akabaki hai, akapewa nyumba, familia na TARDIS yake. Kumbatio la wawili wale lilikuwa na upendo mwingi, sitalidharau. Lakini Daktari mpya alianza kazi wakati wa zamani hajaondoka. Akapata misimu miwili ya vipindi vinane vinane na vipindi vya Krismasi, kisha nafasi yake ikachukuliwa na uso wa 2005. Alipokelewa na sura ya zamani, akaagwa na sura ya zamani.

Hata hivyo, naona pande zote mbili zinakodolea macho uso. Mimi namtazama aliyesimama kando yake.

Mwaka 1966 Daktari wa kwanza, William Hartnell, alikuwa mgonjwa, mistari ilikuwa ikimpotea, na katika kisa chake cha mwisho alikosa sehemu moja nzima. Alibadilika tarehe 29 Oktoba. Sehemu ya siku hiyo haimo tena katika maktaba ya BBC. Sekunde za mabadiliko tunazo kwa sababu kipindi cha watoto cha Blue Peter kilizirusha mwaka 1973. Hakuna mtazamaji aliyekuwa amewahi kuona kitu cha namna hiyo, na aliyeinuka sakafuni alikuwa Patrick Troughton, mtu tofauti kabisa. Waandishi hawakumwomba mtazamaji amkubali. Waliwaweka mle ndani wasafiri wenzake wawili, Polly aliyekuwa tayari kuamini na Ben aliyekataa. Ben anaokota pete ya mzee, anamvisha mgeni kidoleni, haimkai. Kwa Ben kesi imekwisha. Mgeni anamjibu kwamba angependa kumwona kipepeo akirudi kuenea katika ganda lake baada ya kukunjua mbawa. Anayemaliza shaka baadaye ni Dalek, adui wake mkubwa, anayemtambua mara tu anapomwona. Kila shaka ya mtu sebuleni ilikuwa imekwisha kusemwa na Ben.

Christopher Eccleston, Daktari aliyemtangulia Tennant, naye aliondoka mwaka 2005 baada ya vipindi 13 tu, na habari kwamba anaondoka zilitoka siku chache baada ya kipindi cha kwanza. Tamthilia ndiyo kwanza imefufuka; ingeweza kufa palepale. Iliokolewa na Rose. Kipindi cha Krismasi kilimlaza Tennant kitandani kwa pajama karibu muda wote, huku Rose akilia kwamba ameachwa. Tulimkubali yule mtu kwa mwendo wa Rose. Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya msafiri mwenzake Clara, aliyepigiwa simu na Daktari wa zamani, Matt Smith, akimsihi asimwogope yule mzee aliye mbele yake, Capaldi. Kwa hiyo Piper alikuwa mmoja wa mashahidi bora ambao hadithi hii imepata kuwa nao, na sasa amehamishwa kutoka kiti cha shahidi.

Nakiri shahidi ana gharama. Kisa kile cha Troughton kilikuwa na sehemu sita. Msimu wa vipindi vinane hauna nafasi hiyo. Na mwigizaji anayetiliwa shaka na wenzake anaanza kwa kujitetea. Tena wapo waigizaji ambao kuaga peke yao kuliwapa nguvu, kama Tennant mwaka 2010, aliyezunguka kuwaona rafiki zake kisha akafa akisema hataki kwenda. Watu wengi walililia tukio lile. Mimi linanisumbua, maana linamwambia mtazamaji kwamba anayekuja ni hasara.

Kuaga kuzuri nakuona mwaka 1984. Daktari wa wakati huo, Peter Davison, na msafiri mwenzake Peri wamepata sumu, dawa ni maziwa ya popo, yanamtosha mmoja. Anampa Peri, msichana aliyekutana naye juzi tu, kisha anabadilika mbele ya macho yake. Wasomaji wa Doctor Who Magazine walikipigia kura kisa hicho kuwa bora kuliko vyote mwaka 2009. Aliyemfuata, Colin Baker, alifukuzwa mwaka 1986 akakataa kurudi kurekodi kifo chake. Sylvester McCoy, Daktari aliyefuata, akalazwa sakafuni na wigi la mwenzake kichwani.

Gatwa alipewa sababu njema: alijitoa ili mtoto mdogo, Poppy, arudi kuwepo. Ila hakuna aliyekuwa naye mwisho ulipofika. Oktoba 2025, Disney ilipojitoa katika ushirikiano, BBC ilitangaza kipindi cha Krismasi 2026 kitakachoandikwa na Russell T Davies, mwandishi wa zama za Gatwa. Ningependa Ruby Sunday, msafiri mwenzake Gatwa, awe mlangoni, kwa kuwa ndiye aliyemkumbuka Poppy wakati wengine wote wamemsahau. Kama uso ule ni wa Daktari kweli, Ruby aukatae kwanza, kwa sauti, na apewe sababu za kubadili mawazo. Na kama si Daktari, tuambiwe katika dakika za mwanzo, kisha tuletewe mwigizaji tusiyemjua, Ruby akiwa bado hapo kumhoji.