Matone au keni: hesabu ya maji katika bustani za Dar es Salaam

Ukipita asubuhi kwenye bustani za mboga zilizo chini ya nyaya za umeme mkubwa, au kandokando ya mito ya jiji hili, utamkuta mkulima amebeba keni mbili, moja kila mkono, akipita kati ya matuta huku maji yakishuka juu ya mchicha kama mvua ya manyunyu. Mkulima huyo ameambiwa mara nyingi, iwe kwenye viwanja vya Nane Nane Morogoro au kwenye maduka ya mabomba Kariakoo, kwamba kazi ya keni imepitwa na wakati na kwamba atandike mipira ya matone, yaani mabomba membamba yenye matundu yanayodondosha maji kwenye mizizi. Wapo walioitikia na wakafaidika. Wapo pia walioitandika msimu mmoja, wakaikunja, na leo imelala stoo. Pande zote mbili zina ushahidi wake, na nionavyo mimi, kinachowatenganisha ni jambo ambalo wengi huliruka kabla ya kutoa fedha: usanifu wa mfumo wenyewe.

Tuanze na upande wa wanaoyatetea matone, kwa kuwa hesabu yao ni nzuri. Chukua shamba la mita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 500. Katika siku ya jua kali mwambao huu hupoteza takribani milimita 5 za maji kupitia udongo na majani, na kwa kuwa milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, shamba hilo linahitaji lita 2,500 kwa siku. Kwa keni ya lita 10 hizo ni keni 250, au safari 125 kwa mtu mwenye mikono miwili, bila kuhesabu maji yanayomwagika njiani. Kwa matone, ambayo mfumo uliotengenezwa vizuri hufikisha kwenye mizizi kama asilimia 90 ya maji yake, lita 2,800 zinatosha. Mipira 20 ya mita 25, yenye tundu kila sentimita 30, ina matundu takribani 1,670, na kila tundu likitoa lita moja kwa saa, kazi yote huisha ndani ya saa moja na dakika 40, mkulima akiwa amekaa kivulini au amekwenda sokoni Mabibo.

Tatizo la hesabu hii ni maneno “lita moja kwa saa”. Kiwango hicho huandikwa kwenye pakiti kwa kuchukulia presha ya baa moja, ambayo ni sawa na maji yaliyosimama kwenye kimo cha mita 10. Bustani nyingi za jijini hazina pampu ya kusukuma maji hadi kwenye mipira; zina tangi la plastiki juu ya matofali. Kwa matundu ya kawaida, maji yanayotoka hufuata kipeuo cha pili cha presha (presha ikishuka hadi robo, maji hushuka hadi nusu), kwa hiyo tangi lililoinuliwa mita moja na nusu hutoa chini ya asilimia 40 ya kilichoandikwa kwenye pakiti. Saa moja na dakika 40 inageuka kuwa saa nne na zaidi. Si hasara kubwa ikiwa mkulima anajua hivyo, lakini muuzaji akimwambia afungue koki kwa saa mbili, mimea itadumaa na lawama itaiangukia mipira.

Mwaka mmoja nilialikwa kuangalia bustani ya hoho upande wa Mabwepande, ambako mwenyewe alilalamika kwamba nusu ya shamba imenawiri na nusu imenyauka, hali mipira ni ya aina moja. Tulichukua vikopo vya maziwa, tukafukua vishimo na kuviweka chini ya matundu, vingine mwanzoni mwa mpira na vingine mwishoni, kisha tukasubiri nusu saa. Karibu na tangi tulipata kama mililita 180, na mwishoni 100. Hapakuwa na tundu lililoziba. Ardhi ilipanda polepole kwa kama mita moja kuelekea mwisho wa shamba, mteremko ambao macho hayauoni, na tangi lilikuwa limewekwa bondeni kwa sababu kisima kilikuwa bondeni. Mfumo wenye kimo cha mita moja na nusu ukipandishwa mita moja unabakiwa na theluthi tu ya nguvu yake. Kwenye shamba linaloendeshwa kwa pampu yenye baa mbili, mteremko huo usingetambulika kabisa.

Kosa la pili katika bustani hiyo lilikuwa bomba linalotoka kwenye tangi. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 15, likipitisha lita 650 kwa saa, hupoteza takribani mita moja ya presha kwa msuguano peke yake. La inchi moja hupoteza kama sentimita 10. Tofauti ya bei kati ya hayo mawili ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya mfumo mzima, na bado ndipo mahali pa kwanza watu wanapobana matumizi.

Hata hivyo, si kila anayeyakataa matone amekosea hesabu. Mipira ilibuniwa ikilenga mimea inayopandwa kwa nafasi, kama nyanya, hoho, bilinganya, bamia na tikiti maji, ambako mpira mmoja kwa kila mstari unatosha. Mboga inayoliendesha jiji hili ni mchicha, unaosiwa kwa kumwaga mbegu tuta zima, ukang'olewa baada ya wiki tatu au nne, tuta likalimwa upya na mbegu zikarudishwa. Kwa mazao hayo mipira inapaswa kukaribiana kila sentimita 30, hasa katika mchanga wetu wa pwani ambako tone hushuka moja kwa moja chini badala ya kutanuka pembeni kama linavyofanya kwenye mfinyanzi. Urefu wa mipira ya shamba lile lile unaongezeka zaidi ya mara tatu, na yote inabidi ikunjwe kila mwezi kabla jembe halijaigusa. Mipira myembamba ya bei nafuu haivumilii kukunjwa hivyo, na panya wenye kiu humalizia iliyobaki. Mkulima wa mchicha anayeshikilia keni zake hajachelewa popote; ameona kwamba kwa zao lake keni ni chombo kinachofaa zaidi, maana mbegu ndogo iliyo juu juu huhitaji uso wote wa tuta uwe na unyevu.

Mchanga huo huo unamdai msanifu jambo jingine, nalo ni mgawanyo wa muda. Kumwaga maji yote ya siku kwa mkupuo mmoja kwenye mchanga ni kuyapeleka chini ya mizizi pamoja na mbolea. Afadhali kugawa mara mbili au tatu kwa siku, jambo ambalo mfumo wa matone hulifanya kwa urahisi na keni hulifanya kwa maumivu ya mgongo.

Kisha kuna maji yenyewe, na hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu kuliko watu wanavyotaka uwe. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hupima chumvi hiyo kwa uwezo wa maji kupitisha umeme: chini ya desisimensi 0.7 kwa mita hakuna wasiwasi, juu ya 3 ni hatari kubwa. Maharage huanza kupunguza mavuno kwenye 0.7, hoho kwenye 1, na nyanya huvumilia hadi 1.7. Matone husaidia kwa kuwa hayalowanishi majani, na kwa kuwa unyevu wa kila siku huisukuma chumvi hadi ukingoni mwa sehemu iliyolowa. Lakini chumvi hiyo haijaondoka. Mvua za kwanza za vuli zikinyesha kidogo huirudisha kwenye mizizi, na mkulima anayefunga koki kwa furaha kwamba mvua imekuja hujikuta amekausha miche. Siku hiyo koki inatakiwa iachwe wazi. Zaidi ya hayo, maji yenye chokaa huziba matundu pole pole, na mbolea ya DAP ikimwagwa kwenye tangi la maji kama hayo huganda na kuharakisha kazi hiyo. Chujio la matundu yasiyozidi mikroni 130 (milimita 0.13), na kufungua ncha za mipira kila wiki ili uchafu utoke, si mapambo.

Kwa mto Msimbazi, ambao hubeba maji taka ya nyumba na ya viwanda, hoja inapinda kwa namna isiyotarajiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unayahesabu matone kuwa kinga: kwa mboga fupi hupunguza vimelea vinavyofika kwenye chakula kwa kiasi cha asilimia 99, na kwa mazao marefu zaidi ya hapo, kwa sababu maji hayagusi sehemu inayoliwa. Ningependa hoja hiyo imalize mambo, ila maji yenye tope huziba mipira haraka kuliko maji mengine yoyote, na metali nzito za viwandani hufyonzwa na mizizi iwe maji yamekuja kwa keni au kwa matone.

Mgao wa maji wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua, uliwakumbusha wengi kwamba mfumo unaotegemea bomba la mtaani huhitaji tangi la kutosha siku mbili. Kwa shamba lile la mfano hizo ni lita 5,600, karibu tani sita juu ya nguzo, na huwezi kuziweka juu ya matofali yaliyopangwa bila saruji. Wala mtu anayelima kiwanja cha mwingine, aliyeruhusiwa kwa mdomo hadi mwenyewe atakapoanza kujenga, hana sababu ya kumwaga zege la nguzo hizo. Kwake mfumo unaofaa ni ule unaoweza kukunjwa na kupakiwa kwenye guta.

Yule wa Mabwepande ana hati ya kiwanja chake. Alihamishia tangi upande wa juu, akaweka bomba la inchi moja, akailaza mipira kukingama mteremko badala ya kuufuata, kila kundi la mistari likiwa na koki yake, za chini zikifunguliwa kidogo kuliko za juu. Tulipovirudisha vikopo, vya juu vilipata mililita 175 na vya chini 190. Matuta manne ya mchicha yaliyo jirani na kisima hayakuwekewa mpira hata mmoja. Keni mbili zimeninginia kwenye mpapai pale pale.