Kisu kizuri kikae kwa anayechuma mboga

Katika nyumba nyingi za hapa Pemba, panga la mwenye nyumba lina makali ya kuangusha mgomba kwa pigo moja. Kisu cha kuchinjia kimeviringishwa kitambaa, kimewekwa juu ya kabati, hakiguswi ovyo. Kisu cha mboga, kinachofanya kazi kila siku inayokwenda kwa Mungu, ndicho kibovu kuliko vyote: mpini umefungwa kwa mpira, ncha imekatika, na makali yalikwisha zamani. Anayekitumia ni yule yule anayepalilia, anayemwagilia, anayechuma na anayepika. Naona hapo tumepanga mambo kichwa chini miguu juu. Mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba yake anastahili kisu kidogo cha kukunja, kikali, cha kwake mwenyewe, anachokitoa mfukoni akiwa kwenye tuta na akaendelea nacho mpaka jikoni.

Dini yetu imetufundisha kwamba mtu akichinja anoe kisu chake, asimtese mnyama. Ndiyo maana Idi ya kuchinja ikikaribia, kila uwanja unasikia chuma kikipita kwenye kinoo. Jambo jema sana. Idi ikishapita, kinoo kinarudi uvunguni, na mama wa nyumba anaendelea mwaka mzima kusaga mchicha kwa kipande cha bati kinachoitwa kisu. Sioni kwa nini adabu ile ya makali iishie kwa mbuzi na ng'ombe.

Anayedhani kisu butu ni usumbufu tu wa mkono, aende akautazame mchicha unavyochumwa. Kwa mkono mtupu shina linachanika, ganda lake linavuliwa mpaka chini, au mche mzima unang'oka na kuwavuta wenzake, maana mchicha tunaupanda umebanana. Kwa kisu kikali mambo ni mengine. Shika shina kwa vidole viwili chini ya shada la majani, acha vifundo vitatu au vinne, pale majani yanapoota, juu ya ardhi, weka makali juu kidogo ya kifundo, kisha vuta kwa mshazari. Unasikia mlio mdogo tu na shina halitikisiki. Kwenye kwapa la kila jani lililobaki kuna chipukizi lililolala, na kwa kuwa umeondoa kichwa kilichokuwa kikilizuia, linaamka. Shina moja linakuwa matawi matatu au manne, na mvua ikiwepo, baada ya wiki mbili hivi unarudi kukata tena pale pale. Tuta la mchicha lililokatwa vizuri hulisha nyumba muda mrefu kuliko lililonyofolewa, kwa mbegu ile ile na mbolea ile ile.

Bamia nayo ina ukaidi wake. Kikonyo chake kina nyuzi ngumu, na vinyweleo vyake vinawasha mikono. Huwa tayari siku nne au tano baada ya ua kuchanua, ikiwa na urefu wa kidole. Ichelewe siku chache tu na imekuwa kijiti, na mti wenyewe unapunguza kutoa maua kwa sababu nguvu zinakwenda kukomaza mbegu. Kwa hiyo bamia huchumwa siku moja na kuachwa siku moja, msimu mzima. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kama kila bamia ni kuvutana, kupinda na kuchuna ganda la shina. Inaahirishwa. Watu husema bamia zao zinakomaa upesi mno, kumbe kuchuma kwenyewe kunaumiza. Mpe mtu huyo kisu kinachokata kikonyo kwa mguso mmoja, na utamwona asubuhi bustanini kabla jua halijapanda, wakati mboga bado imejaa maji na inakatika kwa urahisi.

Bilingani hutaka ukate kikonyo, kofia yake ibaki nzima, kwa sababu ukiivuta kofia ikabanduka umefungua mlango wa kuoza, achilia mbali vijimiba vyake. Pilipili matawi yake huvunjika upesi, na anayevuta pilipili tatu huondoka na tawi lenye maua kumi. Boga likatwe na kikonyo chake, urefu wa vidole vinne hivi, na lisibebwe kwa kukishika hicho, maana kikikatika halikai siku nyingi.

Si kila kitu kinahitaji chuma. Tungule mbivu ina kiungo chake juu ya kikonyo. Ukiisukuma kwa dole gumba inakubali yenyewe. Kisamvu kichanga, majani ya kunde na ncha za matembele, kucha zinatosha. Na wanaopanda mchicha wa kuuza najua huung'oa na mizizi, kwani fungu lenye mizizi likitiwa kwenye maji huwa bichi mpaka jioni na tuta linapandwa upya. Hao wana hesabu yao nami siwagombi. Maneno yangu ni kwa bustani ya kula nyumbani.

Kuna atakayeuliza kwa nini kiwe cha kukunja, na kisu cha jikoni kipo. Kisu cha jikoni kikienda shambani hurudi na mchanga, au hakirudi kabisa. Kinachomekwa kwenye mgomba, mvua inanyesha, kinaonekana baada ya mwezi kikiwa chekundu kwa kutu. Halafu ardhi yetu ni vilima na mabonde. Mtu anateremka njia ya utelezi na ndoo mkono mmoja na pakacha mkono wa pili, mara nyingine na mtoto mgongoni. Chuma kilicho wazi hakifai hapo. Cha kukunja kinakaa kwenye mfuko wa dera au kinafungwa kwenye pindo la kanga, makali yamelala ndani ya mpini, na kikihitajika kipo.

Sharti langu moja ni kwamba kiwe na kifungo. Vipo vya bei rahisi vinavyoshikiliwa na springi peke yake, na ukikandamiza vibaya hujikunja juu ya vidole. Mfano wa kifungo kizuri ni Opinel, kisu cha watu wa Savoie huko Ufaransa, alichoanza kukitengeneza Joseph Opinel mwaka 1890. Shingoni kina pete ya chuma, iliyoongezwa mwaka 1955. Ukishakikunjua unaizungusha na chuma hakirudi tena mpaka uizungushe kinyume. Mpini wa mti, chuma, pete, msumari wa bawaba, basi. Kisu cha bei kubwa duniani hakina faida zaidi ya hiyo kwa mtu wa mboga.

Kwa visiwani kuna la kuangalia zaidi, nalo ni hewa ya chumvi. Chuma cha kaboni hunoleka upesi na kushika makali mazuri, lakini kikiachwa na maji usiku mmoja kinaota kutu, na ukikatia ndimu kinakuwa cheusi. Chuma kisichoshika kutu kinatiwa kromiamu, kama asilimia 10.5 au zaidi, na tangu Harry Brearley alipokitengeneza kule Sheffield mwaka 1913 visu vya mezani na vya mfukoni vikaanza kugeukia huko. Kwa Pemba mimi nachagua hicho. Anayependa cha kaboni na awe tayari kukifuta kila mara na kukipaka tone la mafuta ya nazi kabla hajakikunja, na bawaba yake pia.

Kunoa ndiko tunakokuogopa bure. Hakuhitaji fundi. Kinoo cha kawaida kinatosha, kilichotiwa maji. Laza kisu, kisha inua mgongo wake kiasi cha penseli kupita chini yake, na hapo hapo ushikilie. Kubadilisha pembe kila mara ndiko kunakoharibu. Sukuma kama unayetaka kukwangua tabaka jembamba la jiwe, kuanzia shingo mpaka ncha. Ukipitisha kidole kwa uangalifu kutoka mgongoni kuelekea makali, kukatiza wala si kufuata urefu, utahisi ukingo mdogo umejikunja upande wa pili. Hapo geuza, fanya upande mwingine, malizia kwa kupitisha taratibu mara chache huku na huku. Asiye na kinoo ageuze kikombe cha udongo. Ule mduara wa chini usio na rangi ni jiwe tosha kwa kisu kidogo. Kunoa kwenye ngazi ya saruji kunaleta makali ya msumeno na kumaliza chuma, ingawa wengi wetu ndiko tulikoonyeshwa.

Jikoni ndiko faida inakoonekana wazi. Sisi wengi hatutumii ubao. Tunakaa juu ya kibao, sufuria mbele, kitunguu mkononi, kisu kinakuja kuelekea dole gumba. Sina haja ya kumwambia mtu aache alivyofundishwa na mama yake. Ila ukataji huu hauvumilii kisu butu, kwa sababu kisu butu hutaka nguvu, na nguvu ikiteleza inaishia kwenye kidole. Kikali kinapita kwa uzito wake. Kitunguu chenyewe kinaliza zaidi kinapopondwa kuliko kinapokatwa, kwani kile kinachowasha macho hutoka pale chembe zake zinapopasuka. Mchicha uliokatwa vizuri unabaki mkavu kwenye ungo, na ule uliosagwa unaacha maji ya kijani, utamu umo humo. Bamia ioshwe ikiwa nzima, ifutwe, ndipo ikatwe. Ikikatwa kwa kisu butu inapondeka na utelezi unajaa mkononi kabla haujafika kwenye mchuzi. Na majani yote yaoshwe kabla ya kukatwa, maana vitamini C huyeyuka kwenye maji, na aliyekata kwanza akaosha baadaye ameimwaga uani.

Kisu hiki kisitumike kwa samaki wala nyama. Damu na magamba huingia kwenye bawaba na hayatoki kwa kuoshwa juu juu. Kisitumike kubandua nazi, wala kufungua kopo la maziwa, wala kumenya jimbi kubwa. Kila mtu ndani ya nyumba aambiwe hivyo, hasa wale wanaokiona kinang'aa na kutaka kukiazima.

Lipo jambo ambalo wenye bustani hawalitilii maanani. Kisu hubeba maradhi. Batobato ya tungule ni virusi vinavyohama kwa mikono na vyombo, na mnyauko wa bakteria unaweza kupita njia hiyo hiyo. Ukikata tawi la mche unaonyauka ukaenda moja kwa moja kwenye mzima, umeupandikiza ugonjwa kwa mkono wako. Anza na miche mizima, migonjwa iwe ya mwisho, na baada ya hapo futa chuma kwa spiriti, au kwa maji yenye jiki kisha ukisuuze na kukikausha, kwa kuwa jiki inakula chuma.

Najua kinachowafanya wengi wasite. Jirani yangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alinikuta kwenye matuta akaniambia, "Mwanangu, mwanamke na kisu mfukoni, watu watasemaje?" Nikamjibu, "Watasema nimetoka kuchuma bamia, bi mkubwa." Akanyamaza kidogo, akakiomba, akakata bilingani mbili, akakitazama makali yake kwenye mwanga, akauliza kimenunuliwa wapi. Wasiwasi wake una msingi. Kisu cha kukunja mitaani kimepata sifa mbaya kwa sababu ya vijana wanaokitumia kutisha watu, na anayekwenda nacho kwenye harusi au mkutanoni anatafuta kutiliwa shaka. Mahali pake ni bustanini na jikoni. Ukitoka, kiache nyumbani. Ukisafiri kwa ndege, kiwe ndani ya begi unalolikabidhi, kamwe usiingie nacho mkononi. Lakini hatuwezi kumnyima mkulima wa mboga chombo chake kwa sababu ya mhuni, ilhali panga, lililo kubwa mara tano, tunapishana nalo barabarani kila asubuhi na hakuna anayeshtuka.

Watoto pia wafundishwe, wa kike na wa kiume sawasawa. Mvulana anayejua kuuliza tu kama chakula kimeiva hajafundishwa. Aanze kwa kukikunjua na kukikunja akiwa ameketi, ajue kifungo kiko wapi, kisha apewe mchicha, na bamia zije baadaye. Mtoto huumia zaidi kwa kisu butu cha kunyemelea kuliko kwa kikali alichofundishwa mbele ya mkubwa wake.

Na mwanamume anayekwenda mjini, Chake Chake au Wete, kununua panga jipya, anunue na kisu hiki siku hiyo hiyo, amkabidhi anayechuma. Akiwa bado dukani akikunjue, akishike kwa mpini na kukitikisa huku na huku. Kikicheza kwenye bawaba, akirudishe aombe kingine.